Vibuyu Tisa na Herufi Moja

Nilipata kazi ya kuandika kadi kwa sababu ya mwandiko wangu. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kabla sijaiacha mwalimu alikuwa akinituma niandike ubaoni wakati yeye amekwenda kunywa chai, na mkono ule umebaki nami. Nimeandika namba kwenye mitumbwi ya dagaa, majina ya marehemu kwenye misalaba, na "Usikojoe Hapa" kwenye kuta za miji mitano. Nimekaa Geita, nimekaa Musoma, nimekaa Ukerewe msimu mmoja wa machungwa. Sikai sana mahali, na wakati ule nilikuwa Mwanza kwa sababu ndipo basi la mwisho liliponishusha.

Maonesho ya biashara yalikuwa uwanjani kama kawaida, na matrekta yake, magodoro, mashine za kukoboa mpunga na vipaza sauti vinavyotangaza dawa ya mchwa. Ila mwaka huo kikundi cha wasanii na wabunifu nacho kiliomba nafasi. Wakapewa banda moja pale uwanjani na ghala la zamani la pamba karibu na reli. Halafu wakazunguka mjini kuomba kona za watu: ukumbi wa hoteli, duka la vitabu, kibanda cha abiria gatini. Kwa wiki mbili ungeweza kuingia kunyolewa ukakuta ukutani picha iliyochorwa kwenye ubao wa mtumbwi uliovunjika. Kulikuwa na viti vilivyosukwa kwa nyavu kuukuu. Kulikuwa na taa ya ngozi ya sangara, na ukiiwasha unaona alama za magamba, moja moja.

Niliipenda kazi ile. Mimi ni mtu wa kuuliza, na pale kuuliza kulikuwa ndiyo kazi. Msanii anakuja mezani kwangu na kitu chake, nauliza jina la kitu, naandika kwenye kadi nyeupe kwa wino mweusi, anakwenda. Mratibu wetu, mwanamke wa Kihaya wa rika langu aliyesoma mpaka Ulaya, alikuwa na sharti moja. Kadi zote ziwe kwa Kiswahili, tena kifupi. "Wageni wanatoka kila upande," alisema. "Mkianza kila mtu na kilugha chake hapa tutafungua kituo cha tafsiri."

Mama mmoja wa Misungwi alikuja siku ya mwisho ya kupokea kazi. Alikuwa na matenga mawili, na ndani yake vibuyu tisa vya maziwa, kila kimoja kimefungwa kitenge. Alivitoa polepole akavipanga mezani. Kila kibuyu kilikuwa kimevikwa shanga upande mmoja tu: kingine nyekundu tupu, kingine nyeusi na baka jeupe begani, kingine kijivu chenye madoa. Upande wa pili ulikuwa kibuyu chenyewe, rangi ya asali, bila kitu.

"Mwadila, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Kumbe wa nyumbani?"

"Wa nyumbani. Kazi hii inaitwaje?"

Alianza kutaja neno la Kisukuma, nikamkatiza. "Hapa wanataka Kiswahili, mayu."

"Haya. Andika Mahali."

"Mahali tu?"

"Mahali. Inatosha. Mwenye akili ataelewa."

Nikaandika MAHALI kwa herufi kubwa, nikapuliza wino ukauke. Wakati napuliza akaniambia jambo jingine. Jumamosi ya mwisho angemleta mama yake mzazi kutoka kijijini. Jicho moja la bibi lilikuwa limekwisha kufunga na la pili lilikuwa linaelekea huko, na vibuyu hivi vilitengenezwa ili avione angali anaona. "Nataka avikute vimesimama pamoja, vyote tisa," alisema. "Hilo tu ndilo lililonileta. Uniahidi."

"Atavikuta," nikasema. Kusema ni rahisi.

Akasaini fomu bila kuisoma, akarudi Misungwi kuvuna mpunga wake.

Jioni ile mratibu alipita akikagua. Alisimama mbele ya vibuyu muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya kitu chochote. Akasoma kadi. Akakizungusha kimoja, akaangalia upande wenye shanga, akaangalia upande mtupu.

"Mahali," alisema. "Unaona? Nusu imejaa, nusu tupu. Nchi kavu na ziwa. Huyu mama ni hatari."

Nikasema ndiyo. Niliona anachosema. Hata mimi nilianza kuliona ziwa.

Usiku alipata wazo, asubuhi akaja nalo limeiva. Kama kazi inaitwa Mahali, basi isikae mahali pamoja. Kila kibuyu kiwe na mahali pake mjini. Mgeni apewe ramani, avitafute, na akivimaliza vyote tisa atakuwa ameuona mji. Kimoja kibaki bandani uwanjani. Vingine viende ghalani, kwa fundi cherehani Mabatini, hotelini, duka la vitabu, mwaloni kwa wauza dagaa, kituo cha mabasi, gatini, na cha tisa kivuke maji kabisa mpaka Nansio, kisiwani Ukerewe.

"Mama alisema vikae pamoja," nikamwambia.

"Vitakuwa pamoja. Mji mzima ndio banda letu."

Ningeweza kubisha. Lakini lilikuwa wazo zuri na mimi ndiye niliyepewa kuvisambaza, na mtu kama mimi ukimpa sababu ya kuzunguka mji siku nzima hakawii kusahau ahadi. Nilivisambaza siku mbili. Cha Nansio nilikipeleka mwenyewe, nikamkabidhi mama wa chai kwenye kibanda cha abiria. Alikiweka juu ya kabati la maandazi, akaniuliza kinakula nini.

Wazo likafanikiwa, siwezi kusema vinginevyo. Watu walitembea na ramani mkononi. Familia nzima ilinisimamisha barabarani kuniuliza cha duka la vitabu kimefichwa rafu gani. Fundi cherehani wa Mabatini, dada mmoja mwenye maneno, aliniambia wateja wake wameongezeka. "Wanaingia kutazama kibuyu, wanatoka wamepimwa gauni. Mje kila mwaka."

Yule mama alifika Ijumaa, siku moja kabla ya bibi, ili kuhakikisha. Nilikuwa bandani peke yangu. Alikiona kibuyu chake kimoja juu ya kijiti cha chuma, kile chekundu, akatazama kushoto na kulia.

"Wenzake wako wapi?"

"Wamekwenda kila mmoja mahali pake, mayu. Mjini. Watu wamependa kweli."

"Mahali pake wapi?"

"Si kazi inaitwa Mahali?"

"Ndiyo inaitwa mahali! Ng'ombe tisa alizotolewa mama yangu. Mahali! Unamtawanyia mtu mahali yake?"

Ndipo nikasikia. Mahali yake, siyo mahali pake. Alikuwa amesema mahari tangu mwanzo, kwa mdomo wa kwetu, ambako R ni mgeni anayebisha hodi asikaribishwe. Mama yangu alisema "habali za asubuhi" mpaka alipokufa. Mimi mwenyewe nilichapwa fimbo darasa la pili kwa sababu ya "lula" badala ya "rula". Mtu mwingine yeyote pale angekuwa na udhuru. Mimi ningeuliza tu swali moja, "ya ng'ombe au ya kukaa?", na tungemaliza.

"Nilitaka kukwambia bukwi," alisema. "Neno lenyewe. Ukanikatiza, ukasema Kiswahili. Nikakupa Kiswahili."

Nilimpa kiti. Hakukaa. Akanieleza akiwa amesimama, huku akifuta vumbi kwenye kibuyu kwa ncha ya kitenge. Siku ng'ombe wale walipoletwa mama yake alikuwa msichana, yuko ndani ya nyumba, kwa sababu mwolewa hakai nje kukodolea macho mahari yake. Lakini palikuwa na ufa kando ya mlango. Akachungulia. Ng'ombe wakapita kuelekea zizini mmoja baada ya mwingine, na yeye akawaona upande wa kushoto tu. Baada ya siku chache akapelekwa kwa mume. Mwaka uliofuata ng'ombe walewale wakatolewa kumwolea kaka yake mke, wakaenda zao. Hakuwaona tena. Ila kila mmoja alimkumbuka kwa rangi na kwa mpangilio, na kila binti yake alipomuudhi aliwataja wote tisa, kama anasoma shitaka, kumwonyesha alikuwa mtu wa thamani gani kabla ya kuletewa watoto wasiosikia.

"Kwa hiyo huu upande mtupu..." nikaanza.

"Ni upande ambao hakuuona. Ningeweka nini?"

Nikaenda kumtafuta mratibu. Yule mama akanifuata nyuma, hakuniamini tena. Tulimkuta ghalani akiwatembeza wageni wa hotelini. Nilimvuta pembeni nikamwambia yote, pamoja na ile ahadi. Aliwatazama wageni wake. Kisha akasema, "Nimeandika kurasa mbili kuhusu upande mtupu. Nimesema ni ziwa. Zimechapwa."

"Kosa ni langu," nikasema.

"Najua ni lako. Ningejua jina ningevisimamisha kwenye mstari mmoja na kamba, kama ng'ombe wanaoletwa." Akamgeukia yule mama. "Shikamoo mama. Lakini kesho ndiyo siku yenye watu wengi. Wanakuja na ramani. Nikiviondoa watakuta kijiti kitupu kila mahali. Haiwezi kungoja Jumapili?"

"Bibi ana miaka zaidi ya themanini na jicho moja," yule mama alijibu. "Kesho mjukuu wake ana gari. Jumapili hana. Wewe una Jumapili ngapi?"

"Si suala la Jumapili, mama, ni mpangilio wa maonesho."

Yule mama akanigeukia, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikika, kwamba Mhaya hata ukimwambia jua limechomoza atakuuliza limesomea wapi.

"Nimekaa Mwanza miaka kumi na saba," mratibu akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Nimesikia."

Wakatazamana. Kisha mratibu akaanza kucheka, na yule mama akafunika mdomo kwa kitenge. Walicheka mpaka wageni wa hotelini wakageuka. Mratibu akanipa funguo za ghala. "Mpaka saa sita mchana kesho viwe hapa, vyote. Ukivunja kimoja, usirudi kunielezea. Panda basi, si ndiyo desturi yako?"

Nilimpigia mama wa chai Nansio jioni ileile. Meli ya asubuhi ingefika Mwanza kabla ya saa sita. "Nimpe nani?" aliuliza. "Mimi siwezi kuacha maandazi." Nikamwambia ampe mtu anayemwamini. Akasema kwenye meli ile anamwamini muuza machungwa mmoja tu, na hata huyo si sana.

Jumamosi nilichukua bajaji alfajiri. Vya kituo cha mabasi, hotelini, duka la vitabu na gatini vilikuja bila maneno. Cha ghalani kilikuwa ghalani, na kile chekundu cha bandani yule mama alikuwa amekwisha kukibeba mwenyewe Ijumaa ileile. Kwa fundi cherehani Mabatini nilikwama.

"Hakitoki," alisema. "Nina wateja wawili wanakuja kukitazama saa nne."

Nikamweleza habari ya bibi na ufa wa mlango. Alikuwa ameshika mkasi. Akauweka chini.

"Mimi nilitolewa ng'ombe wanne na baiskeli," alisema. "Wa nne alikuwa kilema. Ngoja nifunge duka, sikupi wewe. Nakibeba mwenyewe." Akapanda bajaji na kibuyu mapajani kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Mwaloni kulikuwa na jambo jingine. Muuza dagaa aliyepewa kibuyu hakukiweka juu ya kijiti. Kilikuwa kivulini chini ya meza yake, kimefungwa mdomo kwa gunzi la mahindi. Nilipokiinua kilikuwa kizito.

"Mama, umetia nini humu?"

"Maziwa. Ulitaka nitie nini? Kibuyu kikikaa kikavu juani kinapasuka. Nilikifukiza moshi kwanza, usiogope. Yamekwisha kuganda, mazuri."

"Hiki ni cha maonesho!"

"Na mimi nimekionesha. Kila aliyekuja na karatasi yake ya ramani nilimwonjesha."

Nikakibeba vilevile na maziwa yake. Fundi cherehani alicheka njia nzima.

Saa tano na nusu vibuyu vinane vilikuwa kwenye sakafu ya ghala. Nilikuwa nimeondoa vile vijiti vya chuma, yule mama akaweka kata za nyasi chini ya kila kimoja, kama inavyofaa. Meli ya Nansio haikuwa imefika. Nilikwenda gatini nikarudi. Nilikwenda tena. Mtu wa tiketi akasema imechelewa kuondoka, injini au upepo, hajui.

Bibi alifika saa sita kamili. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomtarajia, na fimbo ndefu kuliko yeye. Mratibu alimpigia magoti, "Shikamoo bibi," na bibi akaitikia marahaba bila kumtazama, kwa sababu alikuwa tayari anatazama sakafu. Akaletewa kiti. Akakikataa mpaka kiliposogezwa upande wa kushoto wa mstari.

"Si hivi," alisema kwa Kisukuma. "Huyu hakuwa wa kwanza."

Akanielekeza kwa fimbo. Mwekundu akaenda mbele, mwenye baka begani akamfuata, wa kijivu mwenye madoa akarudi nyuma. Nilihamisha vibuyu kama mchungaji mgeni anayekaripiwa. Alipofika wa saba akaniambia niache nafasi, nikaweke wa nane na wa tisa nyuma ya nafasi hiyo. Hakuwa ameambiwa kwamba kuna kilichokosekana.

"Yule mweupe mwenye masikio meusi yuko wapi?"

"Yuko majini, bibi," nikasema. "Anakuja kwa meli kutoka Nansio."

"Ng'ombe wangu anafanya nini Ukerewe?"

Nikamwambia. Sikutafuta maneno mazuri. Nilimwambia kwamba binti yake alitaja bukwi kwa Kiswahili, na mimi Msukuma mwenzake nikasikia kama mtu wa Dar es Salaam, na kwa sababu ya herufi moja mahari yake ikatembezwa mji mzima. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Akamuuliza binti yake kama mimi ni mzima. Binti akasema ni mzima ila nimetembea sana.

"Basi tutangoja," bibi akasema, akakaa.

Tulingoja kwa muda wa karibu saa mbili. Watu wa ramani walianza kuingia. Walikuwa wamekuta vijiti vitupu, wakaelekezwa ghalani, na walipoona bibi amekaa kimya mbele ya mstari wenye pengo, nao wakasimama ukutani. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Fundi cherehani alimpa bibi maziwa ya mwaloni kwenye kikombe. Akaonja, akauliza nani amefukiza kibuyu hiki, akaambiwa, akasema huyo amelelewa. Mratibu, aliyekuwa amesimama karibu, akaomba kikombe naye.

Muuza machungwa aliingia akihema, gunia begani. Akalishusha, akatoa machungwa matano, sita, saba, akayapanga chini, halafu akatoa kibuyu cheupe. Ushanga mmoja wa sikio ulikuwa umekatika. "Nilikificha katikati ya machungwa kisije kikagongwa," alisema. "Aliyenipa alisema nikikipoteza nisinywe chai kwake tena."

Nikakiweka kwenye pengo. Bibi akasogeza kiti mbele, akafunga kwa kiganja lile jicho lililokufa, akapitisha jingine kutoka wa kwanza mpaka wa tisa. Alikuwa akitaja, midomo ikitembea. Alipomaliza akarudia kutoka wa tisa mpaka wa kwanza. Binti yake hakuwa akitazama vibuyu, alikuwa akimtazama mama yake.

"Ndio hao," bibi alisema.

Nilidhani imekwisha. Lakini aliinuka, akakataa mkono niliomnyooshea, akazunguka mwisho wa mstari kwa fimbo yake mpaka upande wa pili, ule usio na shanga. Akasimama pale. Alikaa upande ule muda mrefu kuliko alivyokaa upande wa kwanza.

"Mama," binti akamwita. "Huko hakuna kitu."

"Najua hakuna. Nimekuja kuona."

"Ukitaka nitaweka. Nitakuuliza rangi."

"Utaniuliza nini, na mimi sikuwaona? Waliowaona wamekufa wote." Akakigusa kibuyu cheupe kwa ncha ya kidole, upande ule mtupu. "Acha hivyo hivyo. Huku ndiko walikosimama wengine, wakawaangalia kwa ajili yangu."

Mratibu alikuja mezani kwangu. Aliweka kadi mpya nyeupe mbele yangu na kalamu juu yake. Nilikwenda mpaka alipo bibi, nikamwomba anitajie jina la kazi, kwa lugha aitakayo, na safari hii sikumkatiza.

"Bukwi," alisema.

Nikaandika BUKWI. Chini yake, kwa herufi ndogo, kwa ajili ya wageni, nikaandika mahari, na kabla ya kupuliza wino nilimwonyesha binti yake kila herufi.

"Soma mwenyewe, mayu. Iko sawa?"

Akaitazama, akaisoma kwa sauti. "Mahali," alisema. "Safari hii umepata."

Vibuyu vilikaa ghalani, pamoja, mpaka maonesho yalipofungwa kesho yake. Mimi nilivifunga kwenye vitenge, kwa mpangilio wa zizini, nikavisindikiza mpaka Misungwi.